Baba Wawili na Wakili wa Orofa ya Pili

Haya, nimerudi. Wiki tatu sijaandika kitu, na wengine washaanza kuniuliza kama nimefukuzwa kampasi kwa sababu ya karo. La jamani, nipo! Karo bado nadaiwa, lakini nipo. Mitihani midogo ilinibana, halafu Alhamisi zote mchana huwa sipo, niko Eastleigh kwenye ile ofisi ya mawakili niliyowahi kuwaambia. Leo ni Jumapili usiku, stima zimerudi sasa hivi, mwenzangu wa chumba anakoroma na kitabu cha Sheria ya Ushahidi kimemlalia kifuani. Mimi usingizi hauji. Nina jambo limenikaa rohoni, wacha nilitoe.

Lilianzia mesi, Ijumaa, juu ya chapati na ndengu. Huyu huyu anayekoroma hapa aliniambia mbele ya watu: "Wewe wazipoteza Alhamisi zako bure. Wakimbizi wana UN yao. Wakili mwenye ofisi juu ya duka la mapazia atakufunza nini? Nenda Upper Hill huko, kwenye kampuni zenye lifti." Meza nzima ikacheka. Nami nikacheka, maana ile ofisi yetu kweli iko juu ya duka la mapazia, na ngazi zake zina giza mpaka ushike ukuta. Lakini nililala nalo. Jibu langu ndilo hili, na akiamka atalisoma.

Kwanza mwijue ofisi yenyewe. Mawakili ni wawili na karani mmoja. Kinacholipa kodi ya nyumba ni kesi za mashamba, mirathi, talaka na ajali za matatu. Kuna pia wahamiaji wenye biashara zao wanaotaka vibali vya kazi na vya ukaazi, na hao hulipa ada kama mteja mwingine yeyote. Alhamisi kuanzia saa nane mchana mlango huachiwa wakimbizi na waomba hifadhi. Mwenye nacho hulipa kidogo, asiye nacho haulizwi.

Wakili mkubwa ni mama wa makamo, sote twamwita Madam. Ana sheria zake tatu. Ya kwanza: mtu aambiwe ukweli siku ile ile, kama ana kesi au hana. Ya pili: hata akitoa shilingi mia mbili, apewe risiti. Ya tatu (hii ndiyo huwachekesha wageni): hakuna mtu wa ofisi hii kumtajia mteja Canada. Mteja akiitaja mwenyewe ni sawa, lakini sisi hatuuzi Canada.

Sasa nije kwenye kisa. Mwenyewe ameniruhusu nikisimulie, na nimebadilisha vitu vidogovidogo ili asitambulike.

Alikuja mama mmoja kutoka Kivu Kusini, Kongo. Alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko bahasha, na ndani ya bahasha barua ya kukataliwa hifadhi. Barua haikuwa ndefu. Kiini chake ni kwamba maelezo yake yanapingana: mara ya kwanza alisema baba yake aliuawa kijijini mbele ya macho yake, mara ya pili akasema baba yake yu hai, yuko Bujumbura. Kwa hiyo haaminiki. Basi.

Kwa sheria yetu, aliyekataliwa ana siku 30 tangu apokee uamuzi ili akate rufaa kwenye kamati ya rufaa ya wakimbizi, na akishindwa huko anaweza kwenda Mahakama Kuu. Siku 30 zaonekana nyingi, sivyo? Mama huyu alipoteza 21. Kuna jamaa mmoja alimwambia faili lake "linasukumika", akampa shilingi elfu kumi na tano za mchango wa watu wa kanisani, na jamaa akazima simu. Alipopanda ngazi zetu ilikuwa siku ya 22.

Madam alikuwa na mteja wa shamba ndani. Akaniambia: "Wewe si ndiye Mswahili wa ofisi? Kaa na mama, andika maelezo yake yote tangu mwanzo." Mwajua nilivyojisikia. Mimi mtoto wa Kisauni, niliyepata A ya Kiswahili kidato cha nne, hapa ndipo pangu! Nikakaa naye saa mbili. Nikamsikiliza, nikaandika, nikatafsiri kwa Kiingereza kizuri cha kisheria, nikapiga chapa, nikapeleka mezani kwa Madam kifua mbele.

Akasoma mpaka ukurasa wa pili, akaweka kalamu chini.

"Umemuuliza baba yupi?"

"Baba ni baba, Madam."

Hakunijibu. Akazichukua karatasi, akaenda akaketi kando ya yule mama, si mkabala naye, kando yake kwenye benchi. Akamuuliza pole pole: "Mama, huyu aliyeuawa ndiye aliyekuzaa?"

"Hapana. Baba aliyenizaa iko Bujumbura. Aliyeuawa ni baba mukubwa. Ni yeye alinilea tangu niko mutoto mudogo. Ni baba yangu."

Jamani, nilitamani sakafu inimeze. Kwetu Mombasa ndugu ya baba ni ami, na ami ana jina lake, hachanganyiki na mtu. Kwao, na kwa watu wengi sana wa bara, ndugu ya baba ni baba, na ukiwa na uchungu huna haja ya kusema mkubwa wala mdogo. Aliyemtafsiria mara ya kwanza aliandika baba. Aliyemtafsiria mara ya pili aliandika baba. Nami, Mswahili wa ofisi, nikaandika baba mara ya tatu, na karatasi ile ilikuwa inangoja kupelekwa kwa kamishna wa viapo ili mama aapie kosa langu kwa sahihi yake.

Hakuwa amesema uongo hata siku moja. Alikuwa na baba wawili, na katika watu wote waliomhoji hakuna aliyemuuliza.

Hapa ndipo nataka kusema neno langu, na wenye kunicheka mesi wasikie. Msaada wa kisheria kwa mkimbizi huanza na kusikilizwa vizuri. Vifungu vya sheria huja baadaye. Na kusikilizwa kwenyewe kwataka mtu mwenye muda, aliye karibu, na ambaye yeye anayesikiliza ndiye atakayeandika na ndiye atakayesimama kutetea. Mara nyingi mtu huyo humpati kwenye kampuni yenye lifti. Unampata orofa ya pili, juu ya duka la mapazia.

Fikirieni kesi ya mkimbizi ilivyo. Kesi ya shamba ina hati, ina ramani, ina majirani. Kesi ya ajali ina daktari na gari lililobondeka. Mkimbizi ana nini? Nyumba imeungua, kitambulisho kimepotea njiani, shahidi amekufa au yuko nchi nyingine. Ushahidi wake mkubwa ni mdomo wake. Ukiharibu neno moja umeharibu ushahidi wote.

Na neno lenyewe lina safari. Latoka Kiswahili cha Kivu, linaingia Kiswahili cha Nairobi, halafu linaingia Kiingereza. Katiba yetu ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mahakama za chini hutumia lugha zote mbili. Lakini Mahakama Kuu lugha yake ni Kiingereza. Kwa hiyo hata aliyehojiwa kwa Kiswahili chake mwenyewe, mwisho wa safari ni Kiingereza tu. Ni kama kuvuka Likoni mara mbili na mzigo kichwani: kila kivuko kina nafasi yake ya kuuangusha majini. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya mkalimani bila malipo. Vizuri sana. Lakini mkalimani ni wa kufasiri kilichosemwa. Kuuliza "baba yupi?" ni kazi ya wakili.

Kuna jambo la pili Madam alilifanya ambalo mimi nisingelikumbuka. Darasani tumekaririshwa maana ya mkimbizi kwa Mkataba wa 1951: mtu mwenye hofu ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi la jamii au msimamo wa kisiasa. Tukafaulu mtihani, tukasahau kwamba Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliongeza maana nyingine mwaka 1969: mkimbizi ni pia aliyelazimika kuhama kwa sababu ya uvamizi, kutawaliwa na wageni, au vurugu kubwa zinazovunja amani katika nchi yake au sehemu yake. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, imezibeba maana zote mbili. Kwa maana ya pili, mama huyu hana haja ya kuthibitisha kwamba yeye binafsi ndiye aliyekuwa akitafutwa. Vita vya Kivu Kusini havihitaji kutafsiriwa na mtu. Madam akaziweka hoja zote mbili kwenye rufaa, ya baba wawili na ya 1969.

Sasa nimjibu mwenzangu moja moja.

Anasema wakimbizi wana UN yao. Ndugu yangu, UN si wakili wa kila mtu. Hapa Kenya anayeamua nani apewe hifadhi ni Serikali, kwa sheria ya Bunge. Mwishoni mwa 2024 nchi hii ilikuwa na wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000, wengi wao Dadaab na Kakuma, na wengine huku mijini. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inamtaja mkimbizi waziwazi kati ya watu maskini wanaostahili kusaidiwa kwa gharama ya Serikali. Ni sheria nzuri, naipenda. Lakini haimsaidii mtu ambaye hajui kwamba ipo, na ambaye siku zake 30 anazila jamaa wa kuzima simu. Kitu kimoja kingeandikwa kwa rangi kubwa kwenye kila ukuta wa Eastleigh: kusajiliwa na kuhojiwa, kwa Serikali na kwa UNHCR, ni bure. Anayekudai pesa ya kusukuma faili anakuibia.

Anasema mambo ya wakimbizi ni ya kesi kubwa, mawakili wadogo hawayawezi. Kesi kubwa nazijua, na nazisifu. Desemba 2012 Serikali ilipotangaza kwamba wakimbizi wote wa mijini wahamie kambini, Kituo cha Sheria pamoja na wakimbizi wenyewe walikwenda Mahakama Kuu, na Julai 2013 Jaji Majanja akaibatilisha amri ile. Mwaka 2014 ikaja amri nyingine, ikapelekwa mahakamani, na mara hiyo haikubatilishwa. Februari 2017 Jaji Mativo akasema uamuzi wa kuifunga Dadaab ulikwenda kinyume na Katiba. Tunazisoma kesi hizi, na ni haki tuzisome. Lakini hukumu ya Mahakama Kuu hata iwe nzuri namna gani haiwezi kushuka kutoka rafuni, ikaketi bencini, ikamuuliza mama ana baba wangapi. Kesi kubwa hulinda mlango usifungwe. Mtu wa kumshika mkono mama yule apite mlangoni ni mwingine.

Anasema usalama. Hili silichezei, maana nchi hii imezika watu, nasi twawakumbuka. Lakini nakumbuka pia Aprili 2014, ile operesheni ya Usalama Watch, watu maelfu wakakusanywa Eastleigh na wengine wakashikiliwa uwanja wa Kasarani. Walikuwemo wenye karatasi halali na wasio nazo, wote pamoja. Wakili hamfichi mhalifu. Kazi yake ni kusaidia sheria itofautishe. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na Alhamisi moja nilikwenda na yule wakili mdogo wetu kituoni kwa ajili ya kijana aliyeshikwa usiku. Kilichomtoa hakikuwa hotuba. Ilikuwa nakala ya karatasi yake ya usajili, ambayo tulikuwa nayo kwenye faili, na ya kwake ilikuwa imebaki nyumbani chini ya godoro. Kukutwa nchini bila kibali ni kosa ambalo adhabu yake yaweza kufika faini ya shilingi 500,000 au kifungo cha miaka mitatu, au vyote viwili. Kati ya hayo na kijana yule ilikuwa karatasi moja, na mtu wa kuipeleka.

Mwisho anauliza, wakili anakula nini? Hapo ana haki, nami sitajifanya malaika nikiwa na deni la karo. Ofisi ikikosa kodi itafungwa, na Alhamisi itafungwa nayo. Ndiyo maana sisemi kila wakili afanye kila kitu bure. Yule mfanyabiashara anayelipia kibali chake ndiye anayemlipia mama wa Kivu bila kujua. Nasema hivi: ofisi ndogo za Nairobi na Mombasa hazihesabiki, na kila moja ikichukua faili moja tu la mkimbizi kwa mwezi, wale wa kuzima simu watakosa wateja.

Lakini tusidanganyane, udogo pekee si utakatifu. Kuna ofisi ndogo zinazomwandikia mkimbizi barua yenye muhuri mwekundu, zikamtoza elfu tano, na barua yenyewe haina kazi yoyote popote. Hao na jamaa wa kuzima simu ni ndugu. Kwa hiyo mtu asiamini ofisi kwa sababu iko karibu na ina bei nafuu. Aulize: nimeambiwa ukweli siku ya kwanza? Nimepewa risiti? Nimesomewa maelezo yangu kwa lugha yangu kabla ya kutia sahihi? Jibu likiwa hapana, ashuke ngazi.

Hilo la tatu, la kusomewa, ndilo Madam ameliongeza kwenye sheria zake tangu kosa langu. Sasa ni nne. Kila maelezo husomwa tena kwa Kiswahili, na kila jamaa aliyetajwa huulizwa: aliyekuzaa, au ndugu yake? Mtoto wa tumbo lako, au wa dada yako? Huyu unayemwita ndugu, mmetoka kwa mama mmoja? Yachukua dakika ishirini.

Na hapa nakuja kwetu sisi wanafunzi. Twajivunia Kiswahili, twachekana lafudhi, Mombasa twawacheka wa bara na wa bara watucheka sisi kwamba twaongea kama kasida. Halafu akija mama kutoka Bukavu akisema "iko" badala ya "yuko" twatabasamu kidogo. Mimi nilitabasamu, nakiri. Tabasamu lile ndilo lililonifanya nisiulize, maana nilidhani mwenye kukijua Kiswahili ni mimi. Kiswahili chake kilikuwa sahihi kabisa kwao. Kisichotosha kilikuwa changu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Anayesoma sheria na amemaliza mwaka wa pili, atafute ofisi moja ndogo, atoe mchana mmoja wa wiki. Si kwa ajili ya kuandika kwenye wasifu wake. Aende akajifunze kuuliza, maana hapa kampasi twafundishwa kujibu tu.

Mtauliza mama yule imekuwaje. Rufaa iliingia siku ya 28. Jibu bado. Sina la kuwapamba, twangoja, naye angoja zaidi yetu. Kama ikishindwa, Madam asema ni Mahakama Kuu, na hapo ndipo tutaona.

Alhamisi iliyopita alipita ofisini kuuliza kama kuna habari. Hapakuwa na habari. Akaketi bencini, akaniangalia, akaniuliza: "Na wewe mutoto wa Mombasa, uko na baba ngapi?"

Nikamwambia mmoja, na ami watatu.

"Basi uko na ine," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akacheka.

Alhamisi hii nakwenda tena. Kule kuna kiti cha pili kimekaa bure. Mwenye kutaka tukutane steji saa saba na nusu, nauli kila mtu yake. Na wewe unayekoroma, wewe hasa, njoo.